Wafugaji wa uani Mwanza, tupeane uzoefu: banda lako ulilijengaje, na kuku walikufunza nini?

Mwangaluka wakuu. Mimi naishi Mabatini, kule juu ambako hata bodaboda anakushusha njiani umalizie kwa miguu. Mwaka jana nililetewa vifaranga 100 wa chotara, nikawaweka kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, niliizungushia maboksi, nikaning'iniza taa mbili, nikajiona mtaalamu. Usiku wa nne, saa tano, umeme ukakatika. Nikawasha jiko la mkaa, nikaliweka katikati ya chumba. Kwa kuwa upepo wa mlimani ulikuwa mkali, nikaziba dirisha kwa turubai na kusukumia gunia chini ya mlango. Nikaenda kulala nikiwa na amani kabisa.

Asubuhi 63 walikuwa wamekufa. Siyo kwa baridi. Wamelala chali na mbawa wazi, wengine wamerundikana pembeni palepale nilipoziba. Mke wangu hakusema neno, alichukua ndoo tu akaanza kuwaokota. Ule ukimya wake naukumbuka kuliko hasara.

Sasa nataka kujenga banda la kueleweka, ila kiwanja changu nusu yake ni jiwe. Kabla sijamwita fundi, naomba kila mwenye kuku uani aseme alijengaje, nini kilimponza, na angebadilisha nini. Nadharia za vitabuni ninazo, nahitaji yaliyowakuta.

Mama wa Buhongwa

Pole sana kaka. Jiko la mkaa halina ubaya, ubaya ni kuziba. Mkaa unakula hewa na kutoa sumu isiyo na harufu, hata mtu mzima ukilala humo huamki. Mimi huwa nauwasha nje mpaka uwe mwekundu wote, ndipo naingiza jiko, nalifunika kwa chungu kilichotobolewa, na sehemu ya juu ya dirisha naiacha wazi na wavu wake. Upepo uzuie kimo cha kifaranga tu, huko juu hewa ipite.

Na usiwaangalie kwa kipimajoto peke yake, waangalie wanavyolala. Wakijibana chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia kingo huku midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika kama mchele uliomwagika, nenda kalale.

Mwalimu mstaafu, Bwiru

Kwa habari ya jiwe, kijana, naomba nikueleze kwa kirefu maana mimi nalo nimeishi.

Kiwanja changu kina majabali mawili yaliyoachiana kama mita nne. Mafundi wawili walikuja, wakatazama, wakanishauri nikodi mtu wa kupasua. Nikakataa. Nikasema haya ni kuta mbili nilizopewa bure, nitajenga mbili zilizobaki. Mbele nikaweka tofali za bloku kozi tatu, juu yake mbao za mbili kwa nne na wavu. Nyuma bloku mpaka juu. Nguzo hazikuchimbiwa kwa sababu hapachimbiki: tulitoboa jiwe kwa tindo, tukasimamisha vipande vya nondo, tukazifungia mbao humo. Ile kazi ya kutoboa ilichukua siku tatu. Paa la bati tulilielekeza mteremko nyuma.

Kulikuwa na mambo matatu ambayo sikuyajua.

La kwanza, mvua. Ile ya kwanza ya Novemba, maji hayakupita kwenye bati hata tone, yaliteleza juu ya jabali na kushuka ukutani kwa ndani kama mtu anayemimina kwa jagi. Maranda yote yakawa uji. Ikabidi nipande juu na fundi, tukatengeneza nyusi: tuta la zege la kimo cha kiganja, limekatiza uso wa jabali kwa mshazari, likipeleka maji pembeni kabla hayajafika kwenye bati. Tangu hapo ni pakavu.

La pili, joto. Jiwe linahifadhi jua. Saa tatu usiku ukiweka kiganja utadhani ni mgongo wa ng'ombe. Kuku wangu miezi ya baridi wanajipanga upande huo, na mimi sina gharama ya taa kwa wakubwa. Lakini Septemba saa tisa alasiri wanahema midomo wazi. Nimewapandia mpapai na mapasheni upande wa magharibi kupata kivuli. Ungekuwa na uhuru wa kuchagua, upande mrefu wa banda ulaze mashariki kwa magharibi ili jua lisiingie ndani. Mimi jabali halikuniuliza.

La tatu ni ufa. Pale bati linapokutana na jiwe palibaki upenyo wa vidole vitatu. Nilikuwa naupita kila siku. Kicheche hakuupita, alipenya humo. Kwa usiku mmoja aliua matetea tisa, akala vichwa viwili. Nikajaza kokoto na simenti mpaka jabali na ukuta vikawa kitu kimoja.

Kijana wa Kirumba

Shikamoo mwalimu, hiyo ya nyusi nimeipenda.

Mimi banda nimejenga kwa mabanzi na bati za mtumba, halina sifa. Stori yangu ni ya chakula. Nyumbani siyo mbali na soko la samaki la Mwaloni, dagaa tunanunua kama maji. Nikaona ujinga kununua chakula cha mfuko wakati protini iko mlangoni, nikawa nachanganya pumba na dagaa nusu kwa nusu. Kuku wakanenepa, mayai makubwa, nikatembea kifua mbele. Wiki ya tatu jamaa wa chipsi mayai akanirudishia trei mbili mbele ya watu: "Ndugu yangu, wateja wanauliza kwa nini chipsi zangu zinanuka ziwa."

Ni kweli, yai lilikuwa linanuka dagaa. Na siku nikiwa naosha dagaa wenyewe kwenye beseni, chini pakabaki mchanga wa kujaza kikombe, maana wale wa bei ya chini wanaanikwa juu ya mchanga. Nilikuwa nanunua mchanga kwa kilo!

Sasa hivi kwenye kilo 100 za kuku wanaotaga naweka: mahindi yaliyoparazwa 40, pumba ya mahindi 27, mashudu ya alizeti 17, dagaa waliochekechwa 10, chokaa ya mifugo 5, chumvi nusu kilo na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Harufu imekwisha, jamaa wa chipsi karudi. Mashudu ya pamba ni ya bei nafuu huku kwetu lakini kwa wanaotaga nayaogopa, yanaharibu rangi ya kiini.

Dada wa Luchelele

Nyie wa milimani mna vicheche. Sisi wa ufukweni tuna mwingine.

Mayai yalikuwa yanapungua. Matetea 22, naokota sita, saba. Nina kijana anayenisaidia kazi, nikamshuku. Sikumwambia wazi, ila nilianza kuhesabu mayai mbele yake kwa sauti, mnajua ile tabia. Usiku nikawa nadamka na tochi kuvizia mwizi. Hakuna kitu. Wiki mbili zikapita hivyo.

Siku moja nina homa sikwenda dukani, nimelala kwenye jamvi karibu na dirisha. Saa nane mchana, jua linawaka, kuku wakanyamaza. Siyo kupiga kelele, kunyamaza! Nikainua shingo. Kenge urefu wa mkono na nusu anatambaa kutoka kwenye matete, hana haraka, ulimi unaingia na kutoka. Akapita chini ya mlango wa banda pale kuku walipokuwa wamefukua, akaingia kwenye kitagio, akameza yai zima. Kisha la pili. Akatoka vilevile kama mwenye nyumba.

Jirani yangu mvuvi alicheka mpaka akakaa chini: "Unavizia usiku? Kenge ni mfanyakazi wa mchana, saa za kazi anazijua." Tukachimba mfereji kuzunguka banda, tukafukia wavu mgumu futi moja chini ya ardhi, na mlango ukawekewa kizingiti cha zege. Mayai nayaokota mara tatu kwa siku. Yule kijana nilimwomba radhi, nikamnunulia gambuti alizokuwa anazitamani. Alipokea akasema "asante dada", basi. Bado nina aibu naye.

Wa Nyakato

Nyongeza fupi: chombo cha maji kipandishe juu ya tofali, kilingane na mgongo wa kuku. Mimi nilikiacha chini, wakawa wanamwaga, maranda yakalowa, harufu ikapanda, jirani akanifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilipoinua chombo na kugeuza maranda kila baada ya siku mbili, kesi ikafa yenyewe. Jirani sasa anachukua mbolea kwa ajili ya mchicha wake.

Mganga wa mifugo, Usagara

Nimesoma yote, na nashangaa hakuna aliyetaja kideri, ule ugonjwa wa virusi unaofyeka banda zima. Banda zuri bila chanjo ni jeneza zuri, samahanini kwa lugha.

Vifaranga: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku wadogo), siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena. Ndui kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, kwa kuchoma kwenye bawa. Wakubwa wa kienyeji tumia ile ya tone moja la jicho, urudie kila baada ya miezi 3. Chanjeni kabla ya kiangazi kukolea, maana hapo ndipo kideri hushika kasi. Kuku akishaanza kuhara kijani na kupinda shingo, hakuna dawa ya kumrudisha.

Kosa ninaloliona zaidi mjini ni maji. Mtu ananunua chanjo ya maji, anaifungua kwenye maji ya bomba. Dawa ya kusafishia maji ndiyo inaua chanjo. Tumia maji ya mvua au ya kisima yaliyo safi, kama huna changanya kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza ili wote wanywe kwa pupa, na iishe ndani ya saa mbili.

Wa Nansio, Ukerewe

Hapa kwetu kuna chakula cha kulisha kuku ambacho hakipimwi kwa mizani. Mwezi ukiandama, wale vidudu wa ziwani wanapanda kama moshi juu ya maji, upepo ukiwaleta kijijini unafumba mdomo. Mimi nilifunga taa ya sola nje, juu ya uzio wa kuku. Wanaijaa usiku kucha, asubuhi chini pana tabaka jeusi kama majani ya chai. Nikifungua mlango kuku hawasubiri kusalimiwa. Ni siku chache tu kwa mwezi, ila ni bure.

Wa Mabatini (mwenye mada)

Wakuu, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimekwenda uani na tochi kutazama jiwe langu, na kweli kuna mistari myeusi ya maji inayoshuka hadi pale nilipotaka kuweka ukuta. Nimeishi hapa miaka sita sijawahi kuiona. Wale 37 waliobaki sasa ni mitemba, kuku vijana, wanalala stoo bado. Ngosha mmoja wa jirani kanipa bati sita za zamani.

Mwalimu, hiyo nyusi ya zege ulichanganya vipi? Nikibandika tu si itabanduka?

Mwalimu mstaafu, Bwiru

Itabanduka, yangu ya kwanza ilibanduka. Kwangua jiwe kwa brashi ya chuma mpaka ukungu na vumbi viishe. Toboa mashimo ya kina cha kidole kila baada ya hatua moja, shindilia vipande vya nondo. Lowesha jiwe maji asubuhi, lipake uji wa simenti tupu, na kabla haujakauka weka mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga mitatu. Mchanga uwe umechekechwa. Funika kwa magunia yaliyolowa, umwagilie siku saba, maana jiwe letu likipata jua linanyonya maji yote. Na usianze siku ambayo wingu limetanda upande wa ziwa.