Kipimo cha joto la vitambaa: mbona flisi mbili hazifiki maradufu ya moja?

kitambaa_nbi
Wadau, hamjambo. Nalinganisha vitambaa vya baridi ya Julai hapa Nairobi kwa kipimo cha kujiundia. Bamba ni la alumini, sm 20 kwa 20, unene mm 3, juu limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Chini yake kuna hita ya mkeka, kisha polisterini ya sm 2.5. Bamba linakaa kwenye digrii 35, chumba digrii 22. Umeme ni DC, nasoma volti na ampea. Usomaji ukishatulia:

bamba tupu – wati 6.20
shati la pamba – wati 5.66
flisi moja ya poliesta, mm 5 – wati 3.76
flisi mbili – wati 2.99

Nachukua eneo mara tofauti ya joto, nagawanya kwa wati, napata ukinzani (uwezo wa kuzuia joto), halafu natoa ukinzani wa bamba tupu. Flisi moja inatoka 0.054 m²K/W, mbili 0.090. Si zingepaswa kufika 0.108? Na shati la pamba 0.008 tu? Ni sensa, ama flisi ya juu inaikandamiza ya chini?

BambaMoto
Sensa iache kwanza. Joto linakutoroka chini na pembeni, nawe unalihesabu kana kwamba limepita kwenye kitambaa.

Namba zako zenyewe zinasema hivyo. Mm 5 kwa 0.054 ni upitishaji wa takriban 0.09 W/mK. Hewa tulivu ni 0.026, na flisi karibu yote ni hewa. Kwa kawaida hukaa karibu na 0.04. Hiyo yako ingekuwa imelowa.

Polisterini ya sm 2.5 chini ya bamba lako inapitisha wati 0.6 hadi 0.7. Ongeza kingo za bamba na hita zilizo wazi, milimita chache tu kuzunguka pande nne, unafika wati 1.5 bila shida. Sasa toa 1.5 kwenye kila usomaji kisha urudie hesabu: bamba tupu 0.111, flisi moja 0.230, mbili 0.349. Ukitoa bamba tupu, flisi moja ni karibu 0.12 na mbili karibu 0.24. Maradufu hiyo hapo. Shati nalo linapanda hadi 0.014, jambo linaloaminika.

Ona pia kosa lilivyo na upendeleo: kadiri kitambaa kinavyozuia joto, ndivyo hasara ile ile inavyokuwa sehemu kubwa ya wati zako. Kipimo chako kinavionea vitambaa vinavyozuia joto zaidi.

Jaribu flisi ya tatu. Hesabu hii inatabiri wati 2.61.

kitambaa_nbi
Asante sana, bosi. Ya tatu imesoma 2.70. Je, nitoe tu 1.5 kila mara, maisha yaendelee?

BambaMoto
Hapana. Hiyo 0.09 iliyozidi inatokea ubavuni mwa rundo, ambalo sasa lina unene wa mm 15. Kwa hiyo hasara yako inabadilika na unene, na namba moja haiwezi kuirekebisha.

Dawa ni fremu ya kinga. Chukua alumini ile ile, ikatwe izunguke bamba kwa upana wa sm 7 au 8, ukiacha mwanya wa mm 1 hivi usiogusana. Fundi wa chuma wa Kamukunji atakukatia, mradi umpe mchoro wenye vipimo na usisitize bamba lisipinde. Fremu iwe na hita na kidhibiti chake. Bamba jingine lenye hita liende chini, polisterini ikikaa katikati. Vyote vitatu vishikwe kwenye digrii 35, tofauti isizidi 0.1. Joto halihami kati ya vitu vyenye halijoto moja, kwa hiyo wati za bamba la kati hazina njia ila kupanda juu. Kitambaa kifunike fremu yote, la sivyo umefanya kazi ya bure.

Hizo sensa za kidijitali za bei nafuu hukosea hadi nusu digrii. Zifunge pamoja kwenye maji ya vuguvugu yanayokorogwa, ziache zitulie, uandike tofauti zao. Kupata digrii sifuri tumia barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji. Maji yanayochemka usiyahesabu kuwa 100; Nairobi huchemka karibu na 94 au 95.

Uzi_na_Hewa
Naongeza mambo ya mwinuko, maana watu hunakili namba za ISO 11092, kiwango cha kimataifa cha kupima vitambaa kwa bamba la moto, bila kufikiri. Kanieneo ya hewa hapa ni kama kPa 83, ya pwani 101. Upitishaji joto wa hewa tulivu haubadiliki, kwa hiyo ukinzani wa flisi yenyewe utalingana na wa maabara ya Ulaya. Hewa inayopanda juu ya bamba ndiyo hubadilika: kule pwani hubeba joto zaidi kuliko hapa. Basi ukinzani wa bamba tupu upime mwenyewe, kila siku ya kazi, usiutoe kitabuni. Ukija kupima upitaji wa jasho, mvuke husambaa hapa haraka kwa takriban asilimia 20 kuliko pwani. Hapo usilinganishe moja kwa moja.

Rangi nyeusi usiiondoe. Alumini inayong'aa hutoa mnururisho kidogo mno kuliko kitambaa, kwa hiyo "bamba tupu" lako lingedanganya.

Pamba na sufu zikae ndani ya chumba hicho hicho saa 24 kabla ya kupimwa. Ukiweka pamba iliyotoka kukaushwa, hufyonza unyevu na kutoa joto. Hita inapunguza kazi, nawe unaona kitambaa kimekuwa blanketi. Poliesta haina kisa hicho, hufyonza chini ya asilimia 1. Ila flisi ipime unene tena baada ya kufuliwa: manyoya yakilala na kusukana, hewa inapungua na ukinzani unashuka nayo. Mguu wa kupimia unene uwe mpana na mwepesi, na mzigo ule ule kila mara. Kalipa ya mkono inaiminya flisi ya mm 5 ikasoma 3.