Tumepigwa: "wingu binafsi" la milioni 27 limekufa kwa umeme kukatika dakika tano

Wakuu, naandika na hasira na sijalala vizuri tangu Jumanne, kwa hiyo ukali mtanisamehe. Mimi ndiye mtu wa IT pekee kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar. Nyaraka zikikwama kwetu, kontena linakaa bandarini na mteja analipia kila siku linayokaa. Seva zikilala simu zinaita mpaka usiku.

Uamuzi wa kuleta seva ndani haukuwa wa kijinga, hata mimi niliuunga mkono. Mnakumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini? Jumatatu tulikuja kazini tukakaa tunatazamana. Mafaili yote yako nje ya nchi, tunayalipia kwa dola, na hakuna hata moja linalofunguka. Juu ya hapo wateja wakubwa walishaanza kuuliza data zao zinalala wapi, tangu itoke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bosi akasema basi, tuwe na wingu letu humu humu ofisini, kwenye Linux. Sawa kabisa.

Halafu kazi akapewa "kampuni" iliyoletwa na shemeji wa mtu. Sitaitaja, msinifuate PM.

Pendekezo lao lilikuwa kurasa arobaini na OpenStack, programu ya kujengea wingu, iko kila ukurasa. Nikauliza: OpenStack kwa seva mbili na mtu mmoja? Kitu hicho kilianzishwa na NASA na Rackspace mwaka 2010, ni cha watu wenye makabati ya seva na timu ya kuyalea. Kuna Keystone ya utambulisho, Nova ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), Neutron ya mtandao, Cinder ya diski, chini yake RabbitMQ ya kupitisha ujumbe na hifadhidata, na kila kimoja kina siku yake ya kuumwa. Nikajibiwa mbele ya bosi kwamba "kijana anaogopa teknolojia". Siku ya kufunga, Novemba 2024, wakaja na flashi wakaweka Proxmox, programu nyingine kabisa ya kuendesha mashine pepe! Sina ugomvi na Proxmox, ningeulizwa ningechagua hiyohiyo. Ila juzi ndiyo nimeonyeshwa ankara: "Leseni ya OpenStack, nodi 2, sh. milioni 6." Leseni! Programu huria, unaishusha bure ukiwa umebanwa kwenye daladala, na hata hawakuiweka.

Seva zenyewe kwenye ankara ni "mpya". Ni Dell R720, toleo lililotoka 2012. Mitumba ya seva inapiga kazi vizuri tu, nimeitumia sana, ila mtumba uitwe mtumba na bei iwe ya mtumba.

Sasa Jumanne. Saa nne na dakika kumi asubuhi umeme ukakatika. Kila seva ina paua saplai mbili ili moja ikifa nyingine ibebe. Nimechungulia nyuma ya kabati na tochi ya simu: zote nne zimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyeupe, ile ya kupangwa chini barabarani, na ekstensheni iko kwenye UPS (betri ya akiba) moja ya VA 1500. UPS ikalia mara tatu ikakata. Hakuna waya wa USB kati ya UPS na seva, kwa hiyo hakuna aliyeziambia zizime kwa adabu.

Dakika tano umeme ukarudi. Seva ya kwanza ikagoma, taa ya chungwa inapepesa. Ya pili ikawaka, feni zikavuma kama ndege inayopaa, nikashusha pumzi. Naingia: mashine pepe zote zimezima. Nabonyeza kuwasha, inanijibu hakuna akidi.

Akidi ni ileile ya kikao. Kwenye klasta ya Proxmox, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, kila seva ina kura moja, na ili kitu kifanyike lazima kura zizidi nusu. Kikoba cha watu wawili, mmoja asipofika hakuna kikao. Seva iliyobaki haina ruhusa hata ya kubadili mipangilio yake yenyewe. Na si hitilafu, imewekwa hivyo makusudi, la sivyo kila seva ingedhani mwenzake amekufa, zote zikawasha mashine ileile na kuvurugiana data. Ndiyo maana watu huanza na seva tatu. Hela ya tatu hakuna? Unaweka QDevice, kura ya tatu tu, inakaa hata kwenye Raspberry Pi, kikompyuta unachokitia mfukoni. Milioni 27 na hawakuweka hicho.

Nikampigia fundi wao. "Kaka niko Dodoma, jaribu kuizima na kuiwasha."

Kabla hamjaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo: nenosiri la root, akaunti kuu yenye mamlaka yote, hawakunipa. Walinitengenezea akaunti ya kuwasha na kuzima mashine tu, root wakasema nitapata "awamu ya pili ikilipwa". Na bosi alikubali. Basi siku hiyo nikafika mwisho wa uvumilivu, nikaiwasha upya ile seva, nikaingilia kwenye GRUB, menyu ya kuwashia mfumo, kwa init=/bin/bash, nikabadilisha nenosiri. Nikaandika pvecm expected 1, mstari mmoja, unaoiambia seva itosheke na kura moja. Mashine tano zikawaka papo hapo.

Nne zilikuwa zinaishi kwenye ile iliyokufa, mojawapo ni ya mafaili. Nikajituliza, maana ankara inasema data inanakiliwa seva hadi seva kila dakika 15. Nafungua orodha: kazi ya kunakili ipo, na imekuwa ikishindwa tangu Machi. Diski za upande wa pili zimejaa snapshoti, picha za hali ya data kwa wakati fulani, zile ambazo kwenye ankara zinaitwa "mfumo wa bakapu". Snapshoti inakaa kwenye diski zilezile! Ni kama kufunga ufunguo wa akiba kwenye kishikizo kimoja na ufunguo wenyewe. Na mfumo haukunyamaza, ulituma maonyo, ila yanakwenda kwenye barua pepe binafsi ya fundi.

Nikazing'oa diski za seva mfu nikazihamishia kwenye nzima. Kati ya nne, mbili hazionekani. Walizipanga kwa raidz1, ambayo inavumilia kufiwa na diski moja, mbili haivumilii. Nikampigia tena. Akasema, nanukuu, "eeh, hiyo moja niliona meseji yake Mei, nikasahau kuwaambia." Alisahau. Diski ya shilingi laki tatu na ushee.

Kilichotuokoa ni diski ya nje ya 2 TB niliyonunua Kariakoo kwa hela yangu, ambayo huwa nakopia mafaili kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita nilikuwa msibani, kwa hiyo nakala ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Dada wa dokumenti wameshinda siku tatu wakichimba viambatanisho kwenye barua pepe na WhatsApp za wateja, wanaingiza upya moja moja. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani wingu si lilikuwa la kuzuia hivi vitu?" Sikuwa na jibu.

Jana usiku nikajaribu kusasisha mfumo. Ghala la vifurushi linarudisha 401, yaani huna ruhusa, wameacha lile la wateja wa usajili na usajili hawakulipia. Unabadilisha mstari mmoja kwenda ghala la bure, basi. Ina maana tangu siku ya kwanza haijawahi kupata sasisho hata moja. Toleo lenyewe la Proxmox ni la 7, usaidizi wake uliisha Julai 2024, miezi minne kabla hawajatufungia. Flashi ilikuwa ya zamani, hawakujisumbua kushusha mpya.

Mwenye paua saplai au bodi ya R720 nzima anishtue, nalipa taslimu. Na mliowahi kumbana mkandarasi wa namna hii akarudisha hela, mlianzia wapi?

Leo asubuhi wametuma ankara nyingine: "Awamu ya Pili: Ustahimilivu wa Maafa, sh. milioni 14." Bosi amenirushia WhatsApp na maneno mawili: "Unaionaje hii?"