Thunderbird imegoma baada ya kuwasha fayawoli ya Ubuntu: nifungue poti zipi?

Mhasibu wa Duka aliandika:
Ndugu zangu, salaam. Ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu. Juma lililopita niliwasha ufw, yaani fayawoli yake inayochuja mawasiliano ya mtandao, nikaiamuru izuie kila kitu kinachotoka isipokuwa poti (milango ya mtandao yenye namba) 53, 80 na 443, kwa kuwa vijana wa dukani walikuwa wakiingiza humo programu nisizozijua. Tovuti zinafunguka vizuri, lakini Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, haipokei wala haitumi barua. Inazunguka muda mrefu, kisha inasema seva haikujibu. Nimejaribu kufungua poti 25 na 110 kwa kufuata maelezo ya zamani, bila mafanikio. Ankara za wateja zimelala humo tangu Jumatatu, na sipendi kuizima fayawoli.

Fundi Mitandao alijibu:
Pole, mkuu. Poti 110 ni ya POP3 (njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva) ya kizamani, ambayo barua hupita wazi bila kufichwa. Poti 25 ndiyo ambayo seva hupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, na watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa kawaida ili kupunguza barua taka, kwa hiyo hata ukiifungua kwako huenda ikazuiliwa mbele ya safari. Siku hizi Thunderbird hupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva) kupitia poti 993, na hutuma kupitia 587 au 465. Fungua mipangilio ya akaunti yako uone namba zilizoandikwa humo, kisha uruhusu hizo tu.

Mhasibu wa Duka aliandika:
Ahsante sana. Nimeandika amri hizi mbili, ufw ikakubali, lakini hali ni ileile:

sudo ufw allow 993/tcp
sudo ufw allow 587/tcp

Bi. Seva alijibu:
Ndugu mhasibu, umesahau neno moja. Usipoandika "out", ufw huchukulia kwamba unaruhusu wanaoingia, ilhali Thunderbird ndiyo inayotoka kwenda kuibishia hodi seva. Bila shaka hata zile 25 na 110 ulizifungua kwa namna hiyohiyo, na sasa umeacha milango minne wazi kwa wageni usiowatarajia. Andika hivi:

sudo ufw allow out 993/tcp
sudo ufw allow out 587/tcp
sudo ufw status numbered

Amri ya mwisho itakuonyesha orodha yenye namba. Mistari yenye "ALLOW IN" kwa poti hizo nne uifute kwa "sudo ufw delete" ikifuatiwa na namba ya mstari. Anza na namba kubwa ukishuka, kwa sababu kila ukifuta mmoja iliyo chini yake hupanda na kubadili namba, na hapo ndipo watu hufuta wasichokusudia. Utaona pia kila moja ya kanuni hizo za "ALLOW IN" imejirudia ikiwa na alama ya v6 (ya anwani za IPv6), nayo uiondoe.

Mhasibu wa Duka aliandika:
Barua zimeanza kuingia! Kutuma ndiko kumebaki. Nimetazama faili la /var/log/ufw.log na kukuta mistari mingi ya namna hii:

[UFW BLOCK] IN= OUT=wlp2s0 ... PROTO=TCP ... DPT=465

Bi. Seva alijibu:
Umejijibu mwenyewe. DPT ndiyo poti inayoendewa, na akaunti yako inatumia 465. Ruhusu hiyo kwa neno lilelile la "out", kisha uifute ya 587 kwa kuwa huna kazi nayo.

Mhasibu wa Duka aliandika:
Ankara zote zimekwenda. Mungu awabariki.

Fundi Mitandao alijibu:
Vizuri. Ila kuhusu lile lililokusukuma kuiwasha, mkuu, fayawoli hii haitawazuia vijana kuingiza programu, maana apt (kiingizaji programu cha Ubuntu) na vivinjari hupakua kupitia poti 80 na 443 ambazo ziko wazi. Wafungulie akaunti yao ya kawaida isiyo na ruhusa ya sudo (ya msimamizi), na nywila ya akaunti yako uibadilishe leo, kwa sababu kama waliweza kuingiza programu hapo mwanzo, yamkini wanaijua.