Gumzo la majirani: vifuko vya dukani na mtaro wetu

*Mama Rehema:* Habari za jioni majirani. Vijana waliozibua mtaro leo wametoa matope kidogo tu, kilichojaa ni vile vifuko vyeupe vya sukari na chumvi, vimegandana chini ya karavati mpaka maji hayana pa kupita. Na masika ndo hiyo inakuja. Naomba tuongelee tunavyonunua vitu, maana kusafisha tunasafisha kila mwaka na vinarudi vilevile

*Deo:* Shikamoo mama. Ila si plastiki ilishapigwa marufuku kitambo?

*Mama Rehema:* Marahaba mwanangu. Iliyokatazwa ni mifuko ya kubebea, tangu tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio viliachwa kwa ajili ya bidhaa za viwandani, watu wakavigeuza mifuko. Sasa hivi nyanya humo, robo ya sukari humo, vitumbua humo

*Asha wa Kona:* Na ukikifungua kimeshachanika hakifai tena. Hata wale vijana wa makopo hawaviokoti, utaokota vingapi ujaze kilo. Chupa za maji angalau zina mnunuzi

*Deo:* Sa tufanyeje na dukani ndo wanavyofunga

*Mama Rehema:* Twende na vyombo vyetu. Mafuta ya kula ya kupima mbona wote tunaenda na chupa na hakuna anayeona aibu, kwa nini sukari, mchele na maharage visiwe hivohivo. Mi kuanzia kesho naenda na kopo

*Baba Nuru:* Wazo zuri mama ila mizani je?? Kopo lina uzito wake, mtu atalipia sukari kumbe kapimiwa na kopo

*Mangi:* Habarini wateja wangu. Hilo la mizani lisiwape shida, hii ya kwangu ya umeme naweka kopo tupu kwanza, nabonyeza isome sifuri, ndo namimina sukari na wewe unaona namba. Na vile vifuko nanunua kwa hela yangu kila wiki, mkija na vyombo mimi nimepona. Naomba tu viwe vikavu maana sukari ikishika maji inaganda mkaniambia nimewauzia mbaya

*Bi Zuhura:* Asante Mangi. Kwetu Unguja mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu 2006, na mimi kikapu cha ukindu sijakiacha. Ukindu ukikatika unashonwa, maisha yanaendelea. Wenye uwezo pia wanunue kilo kwa wiki, robo nne za siku nne ni vifuko vinne, kilo ni kimoja

*Baba Nuru:* Bi Zuhura kwa heshima, sisi wa kibarua hela inaingia jioni, kilo hatuiwezi. Robo ndo maisha yetu

*Mama Rehema:* Ni kweli kabisa Baba Nuru na hakuna wa kulaumiwa. Ndo maana nimeanza na chombo, maana hata ukinunua robo kila siku kopo ni lilelile

*Asha wa Kona:* Na jamani tuache kuvichoma uani, ule moshi unaingia ndani kwa watoto. Huku kwangu jioni mpaka nafunga madirisha

*Deo:* Na buchani?

*Bi Zuhura:* Bakuli lenye mfuniko mwanangu, mwambie akutilie humohumo

*Deo:* Sawa bibi. Hapa bekari tunatupa vindoo vya majarini, vina mifuniko na vikioshwa na maji ya moto vinakuwa safi kabisa. Jumamosi nakuja navyo, asiye na chombo aandike jina hapa

*Baba Nuru:* Niandikie viwili, cha unga na cha sukari

*Mama Rehema:* Na kimoja cha yule bibi wa nyumba ya nyuma hana simu, mimi nitampelekea. Mangi tuma namba ya lipa, Rehema anakuja na kopo asubuhi nusu kilo ya maharage

*Mangi:* Aje mama, ya njano yamefika leo