Mrejesho: samadi na naitrojeni kwenye kabichi, Lushoto

Ndugu wakulima wenzangu, kabla ya kupandikiza niliwauliza iwapo samadi ya ng'ombe pekee ingetosha kabichi zangu za huku Lushoto, au nilipaswa kuongeza mbolea ya naitrojeni. Nilifuata ushauri wa wengi wenu: samadi iliyooza vizuri, ile nyeusi inayopukutika mkononi na isiyonuka tena, niliichanganya na udongo wa kila shimo viganja viwili, kisha nikakuzia kwa CAN, mbolea ya chembechembe yenye naitrojeni, miche iliposhika, na tena majani ya ndani yalipoanza kujikunja. Sehemu ndogo niliiachia samadi tupu, na tofauti ilionekana mapema: majani yake ya chini yaligeuka manjano, maana samadi huachia naitrojeni polepole mno kwa zao linalokula mbolea kiasi hiki. Kwingineko vichwa vilifunga vikawa vigumu na vizito. Baada ya hapo sikuongeza chochote, kwani naitrojeni ya kuchelewa huweza kuvipasua vichwa, na kabichi iliyopasuka haina mnunuzi. Aliyenitahadharisha kuhusu urea, mbolea nyingine ya naitrojeni, namshukuru kwa namna ya pekee: ikiachwa juu bila kufukiwa, sehemu ya naitrojeni yake hupotea hewani. Msimu ujao nitaanza kwa kupima udongo.