Nimeandikiwa barua ya kujieleza kwa kuzuia malipo. Nijibu au niombe uhamisho?

Mtumishi Mnyonge: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Niko kitengo cha malipo, taasisi ya umma. Hati ya mapokezi inasema kompyuta zote zimeingia stoo, leja ya stoo inaonyesha nusu. Nikaandika dokezo kwamba malipo ya mzabuni yasubiri. Bosi hakujibu kwenye faili. Aliniita, akafunga mlango, akasema, "Andika upya." Nikakataa. Sasa nina barua: "utovu wa nidhamu na kukwamisha kazi", nijieleze ndani ya siku saba. Nijibu, au niombe uhamisho nijiondokee?

Kalamu Nyekundu: Jibu. Ukihama na barua mkononi watasema umekiri. Jibu tuhuma mojamoja, weka viambatisho, usimtukane mtu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mstaafu: Mimi nilimwambia mkuu wangu anipe maelekezo kwa maandishi. Hakuyaleta hadi nastaafu, na vijana niliowafundisha kazi walinipita vyeo. Max Weber, yule Mjerumani aliyefariki 1920, alieleza kuwa ofisi ya kisasa inaendeshwa kwa nyaraka. Ndiyo maana wapindishaji hupenda kuagiza kwa mdomo.

Shangazi Mpole: Mwanangu, riziki hutoa Mungu. Mwombee bosi wako, nawe usiitie mikono yako haramu.

Bi Folio: Dokezo lako ni folio namba ngapi, yaani karatasi ya ngapi kwenye faili? Na faili liko wapi sasa hivi?

Mtumishi Mnyonge: Liko salama, dada.

Bi Folio: Salama wapi?

Mtumishi Mnyonge: Nyumbani kwangu. Msinihukumu kwanza. Nilikuta folio 14 inafuatwa na 16. Ile 15 ilikuwa maelezo ya mtunza stoo. Imenyofolewa, kipembe cha karatasi bado kimening'inia kwenye kamba ya faili. Langu ni 17. Mngeliacha?

Pangaboi: Duh! Walikuwa wanatafuta kosa, umewapelekea hadi mlangoni.

Jicho Kavu: Hii chai. Mzabuni anadai hela yake, faili liko chumbani kwa mtu, na hakuna anayelitafuta? Tunatungiwa hapa.

Kalamu Nyekundu: Hata mimi naanza kushtuka. Barua yenyewe haitaji faili?

Mtumishi Mnyonge: Haitaji, kwa sababu rejista ya masijala, ofisi inayotunza mafaili, inaonyesha liko kwa bosi. Nililichukua mezani kwa katibu muhtasi wake. Ningekuwa natunga, hilo nisingelisema.

Jicho Kavu: Mh. Basi nimekuelewa, na hali yako ni mbaya kuliko ulivyoieleza.

Bi Folio: Nimekaa masijala miaka mingi, nisikilize. Hesabu folio zote. Andika dokezo la kurejesha, litaje kwamba 15 haipo na ulilikuta hivyo. Mkuu wa masijala apokee kwa saini na tarehe, nakala kwa mkaguzi wa ndani. Barua ya bosi ijibiwe baada ya hapo.

Mtumishi Mnyonge: Nilishapanga kumpelekea mkaguzi mwenyewe, ila yuko likizo na anayekaimu ni mtu wa bosi. Acha nimsubiri arudi.

Mstaafu: Siku saba hazimsubiri mkaguzi, kijana.

Bi Folio: Wala mimi sikushauri usubiri. Bosi akiulizwa na mzabuni leo, rejista itamwonyesha yeye, naye ataanza kulisaka. Lipeleke masijala kabla hawajafunga, na uende na shahidi.

Mtumishi Mnyonge: Shahidi nampata wapi hapa?

Bi Folio: Mtunza stoo. Karatasi iliyonyofolewa ni yake.