Gumzo la familia: Mtoto wa miezi 4 na kukaa ndani

Mama Mtoto: Shikamooni wakubwa. Mtoto ametimiza miezi 4 na bado tumejitenga. Haoni sura nyingine ila yangu na ya baba yake. Je, hatachelewa kuongea?

Shangazi (muuguzi): Marahaba mwanangu. Hiyo peke yake haimcheleweshi. Umri huu hahitaji umati, anahitaji mtu wa kumjibu. Akisema "aguu", mjibu "aguu", kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5, hata 10. Hapo ndipo wengi hukosea: tunajaza kimya kwa maneno, mtoto anakosa zamu yake.

Bibi: Na umtazame usoni, simu uiweke kando.

Shangazi (muuguzi): Kweli kabisa. Tena usiketi ukiipa dirisha mgongo, uso wako unakuwa giza tupu kwake. Mwanga ukuangukie wewe.

Wifi (fiziotherapia): Wifi, kifudifudi unamlaza?

Mama Mtoto: Dakika moja tu anaanza kulia.

Wifi (fiziotherapia): Hiyo dakika inahesabika. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 30 kwa siku, lakini si kwa mkupuo, unazigawa. Viringisha taulo dogo, liweke chini ya kifua, usawa wa kwapa, mikono ipite mbele yake. Likishuka tumboni linambana, anacheua. Akishanyonya subiri kama nusu saa. Na iwe sakafuni juu ya blanketi, kwa sababu kwenye godoro laini viwiko vinazama na hapati pa kujisukumia. Lala nawe chini, macho yenu yalingane. Akianza kushusha paji la uso amechoka, mgeuze hapo hapo. Ukingoja mpaka alie, kesho atalia ukimlaza kifudifudi tu.

Wifi (fiziotherapia): Hayo ni akiwa macho na wewe uko naye. Usingizi ni chali, kila mara.

Kaka: Nimtumie video za katuni zimchangamshe?

Shangazi (muuguzi): Hapana mwanangu. Kabla ya mwaka 1 skrini haifai. Katuni haimsubiri wala haimjibu. Kumpigia Bibi simu ya video ni jambo jingine, maana Bibi anaitikia. Iwe dakika chache, na mama awe mikono ya Bibi: Bibi akipiga makofi, mshike mtoto mikono mpige pamoja. Sauti ikichelewa, kata upige tena. Mtoto akitabasamu na jibu likakawia, anageuza uso.

Mama Mtoto: Na tukianza kutoka, atawaogopa watu?

Shangazi (muuguzi): Kuanzia miezi 8 au 9 watoto wengi huwalilia wageni, hata waliolelewa kwenye nyumba iliyojaa watu. Abaki mapajani mwako, mgeni aongee na wewe kwanza, asimnyakue.

Shangazi (muuguzi): Lakini kama sasa hatabasamu kwa mtu, hatoi sauti, shingo bado inalegea, au ameacha kitu alichokuwa anakiweza, mpeleke kliniki. Usingoje kujitenga kuishe. Chanjo nazo zisiahirishwe, piga simu kwanza wakupangie saa.

Bibi: Basi nipigie saa kumi, nitakuwa nimekaa penye mwanga.

Mama Mtoto: Sawa Bibi. Ndiyo kwanza amemaliza kunyonya, baada ya nusu saa naanza na taulo.

Wifi (fiziotherapia): Usawa wa kwapa, wifi 🙏